Mkia wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Dada kalia tena simuni. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa eksirei hapa hapa hospitalini, na havai aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi. Eti inamvunja mgongo. Anawashikilia wagonjwa watulie huku picha ikipigwa, kifua wazi kabisa. Nimeshauri, nimebembeleza. Kanijibu kwamba mimi wa maabara kazi yangu kuosha chupa. Mtu mzima na mvi zangu. Chupa!

Ila wiki hii tunapima damu ya watu wa eksirei. Nina wazo.

Jumanne, 5 Machi
Kipimo chenyewe hata kichwa changu kinakielewa. Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli. Tunazilaza seli kwenye jeli juu ya kioo, tunazichovya kwenye alkali ili nyuzi zilizosokotana ziachane, kisha tunapitisha umeme. Vipande vilivyokatika huvutwa nje. Seli inaota mkia. Mwenye mkia mrefu huhamishwa mbali na mionzi.

Sasa, alkali ikizidi ukali na muda, hukata nyuzi hata za mtu mwenye afya. Basi nitaikoleza, na nitachelewa kuvitoa vioo. Udanganyifu wa upendo.

Bi Saa, mwenzangu anayetembea na saa shingoni na anayekitaka kiti cha usimamizi ninachokitaka mimi, kauliza mbona natabasamu. Nikasema jino linauma.

Jumatano, 6 Machi
Nimetekeleza. Chai nimeinywa polepole sana.

Mikia tele! Shemeji hana seli iliyopona. Nikamwita Mkuu wa maabara kwa uso wa msiba.

Bi Saa akaomba kioo cha kulinganishia, cha mtu asiyekaribia mionzi. Kilikaa bakuli moja na vingine, ndiyo kanuni. Damu ile ni yangu. Nilijisahau! Mkia wangu na wa shemeji, ndugu pacha.

"Kaka," akasema taratibu, "ama wewe ni marehemu, ama alkali yako ina kasoro."

Nikachagua ugonjwa: nikasema naumwa, damu yangu haifai kulinganishia. Mkuu kafuta majibu yote, kanipa mapumziko. Bi Saa atarudia kipimo wiki ijayo. Hadi hapo, kila mtu abaki kazini kwake.

Ijumaa, 8 Machi
Dada kaja kulia, safari hii kwa ajili yangu. Shemeji kaleta machungwa, kakaa ukingoni mwa kitanda, hana utani.

"Shemeji, ningejua unaumwa nisingekutania habari ya chupa."

Nikamuuliza kama leo alivaa aproni. Hakuvaa. Nikageukia ukuta.

Jumanne, 12 Machi
Majibu ya Bi Saa. Seli zangu ni duara safi, hazina hata kimkia. Za shemeji zina mikia mirefu, kwa alkali ya kawaida na muda wa kawaida. Ilikuwepo tangu mwanzo. Haikuhitaji msaada wangu. Zamu alizofanya katikati, mionzi ikimpitia, nilimpa mimi.

Amehamishiwa dirisha la miadi. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: nyuzi zikikatika, huunganika tena? Bi Saa kamwambia nyingi huunganika, mwili hujishona wenyewe, mradi usiendelee kukatwa. Shemeji akaikunja aproni yake mpya kabisa, akairudisha. Sikuweza kumtazama.

Jumatano, 13 Machi
Dada kakonda kwa wasiwasi, na kupumzika hataki kusikia. Kesho anakuja kupimwa shinikizo la damu. Nesi wa zamu ni rafiki yangu. Tutalipandisha kidogo tu kwenye karatasi, alale nyumbani wiki nzima.

Safari hii halinganishwi na mtu.