Mguu Wangu Mlangoni, Mtoto Yesu Mikononi

Jumatatu, 29 Januari

Vita vimeanza! Naandika chanzo chake ili kesho mtu asinigeuzie maneno.

Siku ya Wafalme, tarehe sita, tulikata mkate wa duara wa sikukuu kwenye duka la taa tunakofanya kazi. Ndani hufichwa kidoli kimoja. Anayekipata anakuwa msimamizi wa Mtoto Yesu, sanamu ya duka: anamvisha, anampeleka kubarikiwa Sikukuu ya Mishumaa, na anawalisha wenzake tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyojazwa nyama. Wenye mkono wa birika hukimeza kimyakimya. Mimi nimekililia miaka na miaka. Safari hii nikakipata! Nikapanda juu ya kiti kushangilia. Nikiwa huko huko juu, Hermelinda Sotelo, yule keshia wetu, akatoa mdomoni kidoli cha pili. Mwokaji mjinga!

Don Anselmo, mwenye duka, ameamua. Mtoto Yesu ni mmoja, msimamizi ni mmoja. Kuanzia leo hadi Alhamisi, kati yetu wawili, anayetangulia kufika mlangoni asubuhi anapata alama.

Mimi siwezi kushindwa. Mama keshashona kanzu ya Mtoto Yesu. Kashona kwa pazia letu la sebuleni, mahameli ya kijani, maana vitambaa vyote vya sokoni aliviona havifai. Na keshawatangazia majirani wote wa uani kwamba mwanawe Evodio ndiye msimamizi. Sasa dirisha li wazi, majirani wanatutazama tukila, na kila mmoja anauliza kanzu itavaliwa lini.

Leo nililala kidogo zaidi, kuhifadhi nguvu. Mimi napanda treni ya chini ya ardhi stesheni ya kwanza kabisa. Nikashuka ngazi mlango unajifunga. Nikatia mguu! Mlango ukajifunga, ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka. Polisi akapuliza filimbi. Mama mmoja mwenye kapu akafoka: “Wee baba, ingia au toka! Unadhani hii treni ya mjomba wako?” Nikaingia kichwa juu. Halafu treni ikakaa tu. Ikakaa! Nikalalamika kuliko abiria wote. Nchi hii haijali muda wa watu.

Stesheni ya tano, nani anashuka ngazi mbio, kiatu kimoja mkononi? Hermelinda. Akawahi behewa la mbele, la wanawake, ambalo sisi wanaume haturuhusiwi. Kwenye stesheni yetu ya kushukia, behewa hilo husimama miguuni pa ngazi za kutokea. Mimi nilikuwa la mwisho. Alama kwake. Dukani akajigamba kwamba yeye hana haja ya kuamka mapema, Mungu humsimamishia treni. Majivuno gani haya!

Jumanne, 30 Januari

USHINDI! Alama kwangu!

Mguu ulivimba, nikachukua mwamvuli wa Mama. Nikiwa bado kwenye ngazi nikaurusha kama mkuki. Ukanasa katikati ya mlango. Sidhani kama kuna mtu mwingine mjini angeweza. Mlango ulihangaika na mwamvuli mpaka nikafika kwa hatua za kiungwana.

Treni ikachelewa tena. Nimegundua sababu: wachuuzi. Wanaingia, wanatoka, wanajaza njia. Nikamwambia hivyo mmoja wao, muuza ubani wa kutafuna. Akanijibu: “Sawa, bosi. Na huo mwamvuli mlangoni ni wa mchuuzi gani?” Mtu hashindani na biashara.

Hermelinda akaiwahi treni tena, vilevile, ulimi nje. Lakini nje ya stesheni alisimama kununua tamale ndani ya mkate, na mimi nikampita kama upepo, nikichechemea. Nilimpungia mwamvuli. Umepinda kidogo. Mama hajaambiwa.

Jumatano, 31 Januari

Tumefika pamoja. Don Anselmo kakataa kutoa alama.

Si wachuuzi. Ni wapenzi wanaoagana stesheni. Mmoja ndani, mmoja nje, busu moja, busu jingine, na treni nzima inangoja! Niliwaona wazi kwa sababu mkoba wangu ulikuwa umebanwa na mlango na sikuwa na la kufanya ila kutazama. Nusu ya mkoba ilikuwa ndani, nusu nje. Maharage ya Mama yalikuwa kwenye ile nusu ya nje.

Don Anselmo akaniuliza, kwa vile nimekuwa mtaalamu, treni za siku hizi zina nini. Nikamweleza kuhusu wapenzi, wachuuzi, na watu wasio na malezi. Nilieleza vizuri hata mteja aliyetaka taa ya dari akaondoka zake. Hermelinda alinisikiliza kwa makini sana, mkono kidevuni. Akasema tena Mungu kamsimamishia treni. Yaani kila siku?

Alhamisi, 1 Februari

Siku ya mwisho. Nimeamka kabla ya majogoo ya jirani. Sikunywa hata kahawa. Nikaingia treni nikiwa wa kwanza, nikakaa kitini, mikono mapajani, kama askofu. Leo Hermelinda angeniona mgongo tu! Mwanamke yule hajawahi kuamka mapema tangu abatizwe.

Kengele ikalia. Mlango ukaanza kujifunga. Ndipo nikasikia jina langu likitoka kwenye ngazi, kwa sauti iliyonilea.

Mama! Na magoti yale! Kashika kanzu ya kijani juu kama bendera. Nilikuwa nimeisahau mezani, na msimamizi akipatikana leo, Mtoto Yesu atavishwa leo hii hii. “Evodio! Nimeng'oa pazia langu ili uliache juu ya meza?”

Mwanaume angefanya nini? Niliutia mlango mguu mzima, mguu mbovu, bega, na mwisho kichwa. Polisi akanivuta kutoka nje, abiria wakanisukuma kutoka ndani. Kijana mmoja mwenye gitaa akasema: “Mzee, huo mlango mmefunga nao ndoa?” Mama hakukimbia. Alishuka kwa heshima zake, akanipa kanzu, akaramba kidole gumba chake na kunifuta uchafu shavuni mbele ya behewa zima, akanibariki, akapanda ngazi. Ndipo mlango ukajifunga.

Treni ilichelewa vibaya sana. Aibu kwa wahusika!

Na Hermelinda akaiwahi. Nywele kafungia njiani. Tulitoka stesheni pamoja, tukakimbia pamoja, tukanasa pamoja kwenye mlango wa duka, bega kwa bega. Yeye mbele hapiti, mimi nyuma sirudi. Don Anselmo alitutazama akimaliza kahawa yake. Kisha akasema amechoka, kwamba hata Mtoto Yesu amechoka, na kwamba tusimamie wote wawili, maana mtoto ana haki ya baba na mama.

Kwa hiyo NIMESHINDA. Hermelinda naye yupo, kama msaidizi. Kanzu imemkaa Mtoto Yesu vizuri mno. Niligeukia ukutani kidogo, nikajifanya nakagua taa. Nililia, basi.

Ijumaa, 2 Februari, Sikukuu ya Mishumaa

Siku kuu kuliko zote za maisha yangu!

Tukaondoka dukani kwenda misa, mimi na Mtoto Yesu, Hermelinda na sufuria la tamale. Mjini kote leo watu wamebeba Watoto Yesu wao. Treni imejaa sanamu na mashada. Nikapenya ndani. Nikageuka. Hermelinda yuko nje, sufuria limekwama kati ya mabibi wawili, na mlango unajifunga!

Mguu wangu una bendeji. Mwamvuli uko kwa fundi. Mikono imejaa. Lakini Mtoto Yesu ameumbwa mkono umenyooshwa, tayari kubariki. Mimi nilimsogeza mbele kidogo tu.

Mlango ukafunguka! Kwa mkono wa Mtoto Yesu mwenyewe! Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Behewa zima likashangilia, “Mwingizeni mama! Mwingizeni na tamale!” Wiki nzima walinizomea, leo walinipigia makofi. Hermelinda akaingia, sufuria halikumwagika, na tangu dakika ile tunaitana kompadre na komadre, kama waitanavyo waliosimamia mtoto mmoja. Kidole kimoja kidogo cha Mtoto kilidondoka. Nilikipata. Gundi ipo dukani.

Padri akambariki Mtoto. Mama alikuja na majirani wote wa uani, wakagusa kanzu mmoja mmoja, wakasema pazia lile halijawahi kupendeza hivi. Mama akasema yeye alijua tangu mwanzo, akanishika mkono misa yote.

Baadaye, tukila tamale, komadre akaniambia siri yake. Ana binamu anayefagia stesheni ya kwanza. Binamu huyo kamweleza kwamba kuna mwendawazimu mmoja kule ambaye kila asubuhi huzuia mlango wa treni, leo kwa hiki, kesho kwa kile, na bila mwendawazimu huyo yeye Hermelinda asingewahi kazini hata siku moja. Humwombea kila usiku. Akaniuliza: “Kompadre, si wewe unapanda kule? Hujawahi kumwona?”

Nikamwambia ukweli: sijawahi. Na mimi nina macho! Akacheka mpaka tamale ikampalia.

Kwa hiyo si wachuuzi wala wapenzi. Ni mtu mmoja! Mpumbavu mmoja anawachelewesha watu wa mji mzima, na kila asubuhi ananiponyoka mimi, mtaalamu! Don Anselmo anasema mtu kama huyo akamatwe. Nimemwahidi mbele ya wote kwamba nitamnasa mimi mwenyewe, na mpango ninao tayari.

Jumatatu nitauzuia mlango kwa mguu, na treni haitaondoka mpaka ajitokeze.