Neno la Siri Lililopigiwa Kura

Jumatatu, 4 Machi
Nimechaguliwa mlinzi wa tovuti ya chama chetu cha wapakuzi wa mizigo. Sifa yangu: niliwahi kufufua simu ya katibu kwa kutoa betri na kuirudisha. Ndani ya seva kuna orodha ya wanachama. Bosi anaitafuta kwa udi na uvumba; anayejulikana kuwa mwanachama anafukuzwa. Shemeji, aliyenileta huku ugenini na kunigawia nusu ya kitanda chake, ni namba tatu kwenye orodha hiyo. Kaniambia, "Bwana shemeji, ukizembea hapo mimi nimekwisha."

Jumanne, 5 Machi
Fundi Umeme ana kijicho. Anatangaza kantini kwamba neno letu la siri, 1234, hata mbuzi angelipata. Kweli. Lakini si angeniita pembeni! Nimemuwahi: nimeitisha mkutano tuchague jipya.

Jumatano, 6 Machi
Chama hakiamui kitu bila kura. Fundi kapendekeza neno lake, mimi langu. Mikono ikahesabiwa. Nimeshinda kwa kura tisa! Katibu kaliandika neno langu kwenye muhtasari wa mkutano, herufi kwa herufi. Fundi katoka bila kuaga. Nimerudi kazini kifua mbele, mgongo hauumi hata kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Katiba yetu inataka muhtasari ubandikwe ubaoni. Ubao uko getini, mkabala na dirisha la msimamizi. Katibu kabandika asubuhi. Mimi nilimshikia gundi.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi kasoma majina kwenye kipaza sauti, kwa mpangilio uleule wa orodha. Kumi wa kwanza, nje. Wengine wasubiri Jumatatu. Shemeji alivua glavu kabla hajafikiwa. Mimi simo, nilisahau kujiandikisha. Sasa wote wananitazama kama kibaraka wa bosi.

Jioni shemeji kafunga begi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Kitanda chote chako sasa. Jinyooshe."

Nimelala ukingoni, upande wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano wa dharura. Ulinzi nimeachiwa, hakuna mwingine aliyeutaka. Fundi kashauri mtu mmoja abadilishe neno la siri na asimwambie yeyote. Bila kura? Nikasimama, nikamwita dikteta. Nikapigiwa makofi, ya kwanza tangu Jumatano. Neno jipya limepita kwa kura.

Safari hii sifanyi mchezo. Nimemwagiza katibu auandike muhtasari kwa herufi ndogo sana.

Gundi ninayo mimi.