Sare za Kwaya na Vipimo Nilivyovifuta

Leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima ya akina mama, mama mkwe wangu akiwemo. Naandika haya nikiwa nimejifungia dukani, simu nimeizima mlio.

Kwa msionijua, mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Vipimo vya wateja siviandiki kwenye karatasi. Nina programu kwenye kompyuta: naingiza kifua, kiuno, nyonga na urefu, nayo inapandisha kila kitu mtandaoni, ili hata kompyuta ikiibiwa vipimo vibaki. Nimejisifia sana kwa hilo. (Mafundi wenzangu nilikuwa nawaita watu wa zamani. Leo wamepita mlangoni kunisalimia, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kusalimiwa hivyo.)

Mwezi uliopita mama mkwe alinitafutia kazi: sare mpya za kwaya yao, za kuvaa kwenye tamasha la uimbaji Kidugala. Aliwaambia wenzake, "Mkwe wangu anatumia kompyuta, hakosei." Nikaenda Mahongole wanakofanyia mazoezi, nikawapima wote, nikaingiza vipimo palepale. Karibu wote niliwahi kuwashonea sare miaka ya nyuma, kwa hiyo majina yao yalikuwemo tayari. Nikabadilisha namba tu. Mgeni alikuwa mmoja, Neema, mwalimu aliyehamia karibuni.

Niliporudi dukani, programu ikagoma kupandisha. Kale kaduara kakazunguka kutwa nzima bila kufika popote. Nikampigia dada yangu Tuli, aliyeko Njombe. Anafuma masweta ya shule na anatumia programu hiyohiyo.

"Umezima ukawasha?" akauliza.

"Nimezima mpaka nimechoka."

"Basi ingia kwenye mipangilio. Futa data zote zilizomo kwenye kompyuta, halafu rejesha za mtandaoni. Yangu ilipona hivyo."

Nikaingia. Kabla ya kufuta, programu ikaniuliza kwa maandishi mekundu: taarifa ambazo hazijapanda mtandaoni zitapotea, niendelee? Nikabonyeza ndiyo. (Maandishi mekundu mimi huyaonaga kama ya watu wengine.)

Ikafuta. Ikarejesha. Majina yakarudi, kaduara kakatulia, nikamshukuru Mungu. Neema tu ndiye hakuwemo. Nikadhani nilisahau kumwingiza. Nikamwita dukani, nikampima upya, nikamwomba radhi kwa usumbufu. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikachukua mkasi.

Nikakata, nikashona. Katikati ya kazi, Mama Tumaini, mwenyekiti wa kwaya, akapiga kuuliza lini waje kujaribu.

"Hakuna haja ya kujaribu, mama," nikamjibu. "Vipimo viko kwenye mfumo."

Naikumbuka sauti niliyoitumia. Ilikuwa ya mtu wa ofisini.

Leo asubuhi nikapeleka magauni kanisani, yamepigwa pasi, zambarau na kola nyeupe. Gari la kwenda Kidugala lilikuwa limeshawashwa nje. Akina mama wakaingia chumba cha pembeni kuvaa, mimi nikasimama mlangoni kungoja sifa.

Kisha nikasikia mtu akiuliza, "Hili amenishonea mimi au mwanangu?" Mwingine akasema, "Vuta pumzi ndani." Mwingine, "Nimeshaivuta yote."

Nikaingia. Mama Tumaini alikuwa amefanikiwa kupitisha mkono mmoja. Jirani yake alikuwa anavutwa gauni na watu wawili, mmoja kila upande. Tangu zile sare za kwanza, watu wamezaa, wamenyonyesha, wamekula viazi, na baridi ya huku haimtaki mtu mwembamba. Aliyetoshewa ni Neema peke yake. Alikuwa katikati ya chumba anajizungusha.

"Dada, limenikaa kweli," akaniambia.

Nilitamani anyamaze.

Nikafungua kompyuta palepale, nikatafuta jina la Mama Tumaini. Kiuno nilichokikuta ni cha msichana. Na tarehe iliyoandikwa pembeni ni ya zile sare za zamani. Ndipo nikaelewa. Vile vipimo vya Mahongole havikuwahi kupanda mtandaoni hata kimoja. Vilikuwa kwenye kompyuta yangu tu, nami nikavifuta kwa mkono wangu, nikajirejeshea vya zamani, na nikashukuru.

Nikampigia Tuli.

"Si ulihakikisha kwanza kwamba vipya vimepanda?" akauliza.

"Hukuniambia."

"Nilijua unajua," akasema, akakata. Alikuwa anawahi ibada.

Nikamgeukia mama mkwe wangu. Yeye alijilazimisha ili asiniangushe, gauni likashuka mpaka chini ya kwapa na kuganda hapo. Halipandi, halishuki, mikono iko juu. "Mama Eliya," akaniita taratibu, "lete mkasi." Nikamchana gauni mgongoni, nikipita juu ya mishono yangu mwenyewe, kwaya nzima ikitazama. Mkasi ulipofika katikati akauliza, "Hii ndiyo ile kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

Hakuuliza tena. Hilo ndilo linaloniuma. Angenigombeza ningepumua.

Wamekwenda Kidugala na vitenge, kila mmoja na chake, masweta juu. Neema alitaka kuvua gauni lake aende kama wenzake, Mama Tumaini akamkataza. Akasema alivae hivyohivyo, angalau watu wajue kwamba sare ilikuwepo.

Mimi nimebaki na rundo la magauni ya zambarau. Nilitaka kuyaachia mishono yapanuke, lakini kitambaa cha akiba kwenye mishono nilikipunguza mno, kwa kuwa niliziamini namba. Hayaachiki. Mchana mama mkwe ametuma ujumbe: "Tumefika." Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kama kuna hasira ndani yake au kuna huruma. Sijaona.

Anayetaka kucheka acheke haraka, kisha anielekeze kilipo kitambaa cha zambarau, maana Makambako nzima nilikinunua chote mimi.