Daftari la Mama Limepanda Klaudi

Leo nimejiumbua. Hakuna aliyenisukuma. Ni vidole vyangu hivi hivi.

Mimi na mama tunashona nguo hapa mtaa wa Kasuku. Mashine mbili, kibaraza kimoja. Vipimo vya wateja viko kwenye daftari la mama. Wakati wa vita alikimbia nalo porini upande wa Kailo: mimi mgongoni, daftari kiunoni ndani ya sashe ya plastiki. Mashine aliiacha. Tuliporudi, mashine ilikuwa imeibwa. Vipimo vilikuwepo. (Watu wote walikuwa wamekonda, hakuna kipimo kilichofaa. Hilo usimwambie mama.)

Juma lililopita mwanangu wa miaka miwili akamwaga sombe, mboga ya majani ya muhogo, juu ya daftari. Kurasa tatu zikaenda. Na wamama wa kanisa walikuwa wametupatia kazi ya kushona nguo thelathini za kitambaa kimoja cha kikwembe, za sikukuu. Kazi kubwa hivyo hatujawahi kuipata. Kesho njo siku ya kukata, na kikwembe kikishakatwa vibaya hakiombwi msamaha.

Shemeji Didier, mdogo wa mume wangu, ni mtu wa kompyuta. Akaja na dawa.

"Shemeji, weka kwenye klaudi. Vitu vinatunzwa kwenye mashine za watu, mbali kule. Unafungua na telefone yoyote. Mutoto hawezi kumwagia sombe."

Mama akauliza: "Nani anavilinda kule?"

"Kampuni, mama."

"Inanijua?"

"Apana."

"Basi."

Hiyo njo ilikuwa hoja yake yote. Nilimcheka. (Kumbukeni: nilimcheka.)

Leo asubuhi nikapiga picha kila ukurasa. Rezo ya mtandao, ambayo siku zingine naitafuta kama mbuzi aliyepotea, leo ilikuja yote. Picha zikapanda. Didier akasema: "Sasa tuma anwani kwenye grupe la wamama. Kila mumoja aangalie kipimo chake. Kama iko kosa, atasema mbele ya kukata."

Wazo zuri. Nikatuma kwa wamama thelathini. Nikajiona nimesoma.

Sijaweka hata telefone chini, mama akauliza, polepole: "Na ya pembeni?"

Pembeni!

Kwa wasioshona: utepe wa mita peke yake hudanganya, maana mteja anayepimwa hudanganya. Kwa hiyo mshonaji anaandika pembeni kile ambacho mita haikuona. Mama alinifundisha hivyo. Yeye aliandika kwa heshima. Mimi niliandika hivi:

"Bega moja liko Kasuku, lingine mtaa wa pili, Mikelenge."

"Makalio: mita haikufika. Nimekadiria."

"Atasema amekonda. Kubali kwa kichwa, ongeza kwa mkasi."

Nikashika telefone nifute. Rezo ya telefone yangu imekwenda. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kando ya mto, ambako huwa inapatikana.

"Mama, uko mugonjwa?" motari akauliza.

"Bado."

Pale mtoni telefone ikaniandikia: jaribu tena. Nikajaribu. Jaribu tena. Nikajaribu. Halafu ikazimika. Batri.

Nikarudi. Kibaraza kimejaa. Katikati, Mama Prezida, mkubwa wa wamama wa kanisa, amevaa miwani, anasoma telefone yake kwa sauti ile anayosomea matangazo.

"'Anabana pumzi. Ongeza sentimita sita.' Huu njo muandiko wa nani?"

"Wangu, mama."

"Miaka mine namuambia mume wangu sijanenepa. Namuonyesha nguo zako, namuambia: angalia, vipimo ni vilevile!"

Nikaona nguo thelathini zinateremka ngazi, zinaondoka.

"Leta mita," akasema.

Nikaileta. Nikadhani anataka apimwe upya mbele ya mashahidi. Apana. Wamama wawili wakanishika mikono, yeye akanizungushia mita mimi. Kiuno. Kifua. Makalio. Kila namba akaitangaza mpaka wauza ndizi ng'ambo ya barabara wakasikia.

"Usibane pumzi, wewe!"

(Nilikuwa nabana.)

Na nani alikuwa anaandika kwenye daftari? Mama yangu mzazi. Aliyenibeba mgongoni.

"Pembeni uandike," Mama Prezida akamwambia. "Mudomo: mita haikufika."

Mama akaandika. Akapiga na mstari chini.

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Prezida akavua miwani, akaniinamia sikioni: "Kesho ukate. Na mimi, zile sita usiziondoe."

Rezo yangu ilirudi saa kumi, baada ya watu wote kumaliza kusoma. Didier naye akatokea, akauliza kama klaudi inafaa kwa kazi ndogo kama yetu. Nikamuambia inafaa sana kwa mtu asiye na pembeni. Daftari limerudi ndani ya sashe, juu ya kabati, mbali na sombe.

Tafadhali msicheke. Na wewe unayeshonesha kwangu, usicheke kabisa. Ukurasa wako naujua.