Moshi wa Nyumba Mbili

Jumatatu, 8 Januari
Theluji mpaka magotini. Upande huu wa bonde tumebaki wawili: mimi, na Pil-du ng'ambo ya kijito. Hatusemezani tangu vuli, tulipocheza sataranji akarudisha nyuma kete yake ya farasi ilhali alishaisogeza na kuiachia. Ati mimi ndiye nimwamkie kwanza, kisa kanizidi miaka miwili. Thubutu! Leo nimejilaza kwenye sakafu ya moto, pale karibu na jiko linaloipasha kutoka chini, viazi vitamu vikiiva majivuni. Raha tupu. Nimekula vitatu. Cha nne nilikimenya, nikakumbuka sina wa kumpa.

Jumanne, 9 Januari
Hila imenijia nikipiga mswaki! Huku kwetu, kukicha mtu hutazama moshi wa jirani. Nyumba isiyofuka moshi, mwenyewe mgonjwa au kafa. Basi nazima moto. Pil-du ataona, atakuja mbio, na atakayebisha hodi kwanza ni yeye. Nimemwaga maji jikoni saa moja asubuhi. Nikajifunika mablanketi manne, nikajizoeza kukohoa. Hadi jioni, kimya. Figili zangu za kuchachusha zimeganda mtungini. Nimezitafuna hivyo hivyo.

Jumatano, 10 Januari
Nimechungulia dirishani. Bomba la Pil-du nalo halitoi moshi! Mwizi wa akili mkubwa! Ananiiga, anataka mimi ndiye niende. Tutaona nani atasalimu amri. Meno yanagongana. Nimezungumza na birika karibu saa nzima. Ni msikilizaji mzuri, ila halina habari mpya.

Alhamisi, 11 Januari
Nimevuka kijito kwenda kumpasha. Nimemkuta kalala kwenye sakafu baridi kama jiwe, kifundo cha mguu kimevimba, midomo imebadilika rangi. Matusi yote yakanitoka kichwani. Nikawasha moto, nikamburuta hadi penye joto zaidi, nikamnywesha uji.

Alipopata sauti nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Juzi sikuona moshi wako, Man-sik. Nikavaa viatu nije nikutazame. Nikateleza hapo hapo mlangoni, nikajikokota kurudi ndani."

Kuni zilikuwa bandani, hakuweza kuzifikia. Siku mbili kajiambia kuwa mimi nitaona bomba lake halifuki, nitakuja. Nikamwambia bomba langu liliziba. Uongo mtupu. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 14 Januari
Siku tatu kwake! Viazi vya majivuni, maji baridi ya figili za kuchachusha, migongo sakafuni, theluji ikidondoka nje. Nimemwita Kaka, wala sikufa. Sijacheka hivi tangu mke wangu aondoke duniani. Leo anatembea. Nikiaga akaniambia nikitaka kuja nije tu, mlango wake hauna kufuli. Tukamalizia na mchezo mmoja wa kuagana. Karudisha farasi tena!

Jumanne, 16 Januari
Moshi wa Pil-du unapanda vizuri. Tangu jana sijaona mtu. Nimemenya kiazi cha pili, kimepoa mkononi. Ni hatua mia mbili tu, na mlango hauna kufuli. Lakini mwenye kosa la farasi ni nani? Aje yeye. Safari hii nimetumia akili: alfajiri nimemwaga majivu njia nzima, kuanzia mlangoni kwake hadi kwangu, asije akateleza. Kisha nimerudi ndani, nikazima moto.