Herufi Tano na Gunia la Makala

Gazeti la parokia lilitoka na habari iliyotuharibia asubuhi nzima pale Birere, mjini Goma, kwenye benchi la kahawa la Mama Wivine: atakayeleta fumbo la maneno lililojazwa visanduku vyote, kabla ya kengele ya saa sita, atapewa redio mpya.

Papa Gauthier, mwalimu mstaafu tunayemwita Diksionere, yaani kamusi, alibakiza neno moja tu. Redio yake ilikufa tangu Pasaka, na sasa anasikilizia habari dirishani kwa jirani. Mimi namhurumia kweli.

"Sikieni," akasoma. "'Kushikamanisha kitu kisianguke.' Herufi tano, ya mwisho A. Ya tatu nina mashaka nayo."

"Ile ni funga, Papa," akasema Rodrigue, muuza makala, yale makaa ya kupikia.

"Funga ya nini?" Béata mshonaji akaweka kikombe chini. "Ni shona! Weye unafunga gunia, inafika kwa mutu iko nusu!"

"Nusu? Makala yangu? Mama, miye nikifunga, hata upepo inaomba ruhusa!"

"Shona!"

"Funga!"

"Yote iko na herufi tano, yote inaisha na A!" Gauthier akatupa gazeti benchini, akashika kichwa. "Mutanipotezea redio!"

"Basi mujaribu," nikasema. Mdomo wangu huu haujawahi kunipa amani.

Gunia lililokuwa likimsubiri mteja likaburutwa katikati. Kwetu makala hujazwa mpaka yakapita mdomo wa gunia, yakafunikwa majani juu, ndipo kamba ikapita. Majani hayakutosha. Béata akaokota karatasi iliyokuwa karibu, akaziba pengo, akashona juu yake mara mbili kwa sindano ndefu. Rodrigue naye akazungusha mpira wa tairi mara saba, akikaza kwa goti. Tukalibingirisha, tukalipiga mateke. Hakikuanguka hata kipande.

"Ni mushono wangu!"

"Ni mupira yangu!"

"Munyamaze!" Gauthier akaruka. "Ile neno ya kushuka nilikosea. Si muhogo, ni nyanya! Herufi ya tatu ni N. Ni funga!"

"Si nilisema?" Rodrigue akaanza kucheza.

"Biki hii hapa." Gauthier akachomoa kalamu mfukoni. "Gazeti iko wapi?"

Béata akalitazama gunia. Sote tukalitazama. Zilibaki dakika tano.

"Fungua!"

"Nifungue namna gani, Papa? Nilishona mara mbili, na huyu akaweka mupira yote ya Goma!"

"Kata!"

"Gunia ya kliyanti?" Rodrigue akalikumbatia. "Aka, muzee! Na jina yangu?"

Gauthier akapiga magoti, akauma mpira kwa meno. Tukavuta watu wanne, kucha zangu mbili zikang'oka. Mpira haukusogea. Halafu kengele ya parokia ikalia, taratibu, mapigo yote.

Mzee akasimama, midomo myeusi kwa makala.

"Siku ingine wakiuliza neno ya kufungua," akasema, "hapa sitauliza mutu."