Sinki la Mkunga

Walimwita Fundi Bomba, si kwa sababu alijua mabomba, bali kwa sababu maneno yake yalitiririka bila koki. Asubuhi hiyo alimwona mkunga mstaafu gatini, ndoo ya maji machafu mkononi, akiitazama kwa uchovu mashua yake ndogo ya tanga. Moyo wa Bomba ukaruka. Riziki haina mlango.

“Shikamoo, mama. Sinki halina pa kumwagia?”

“Marahaba, mwanangu. Halina. Nataka maji ya vyombo yatoke yenyewe. Ndoo imenivunja mgongo.”

Bomba aliingia jikoni mwa mashua, chumba cha ukubwa wa kabati. Chini ya sinki alikuta bomba lililopenya ubavu wa mashua hadi nje, koki yake imefungwa. Alielewa mara moja. Sinki lilikaa chini kuliko maji ya nje. Ukifungua koki, maji hayatoki, yanaingia. Fundi mwaminifu angeshauri sinki lipandishwe. Bomba, ambaye uaminifu ulimpita njiani bila salamu, alifungua koki.

Maji yakapanda sinkini kwa adabu, kisha yakafurika bila adabu.

“Mama! Mashua inazama!”

“Ole wangu, chupa imepasuka!” Mkunga alishika kichwa. “Itapona?”

“Hii imebakiza kuzikwa tu. Lakini nina huruma. Nitaichukua nikaipasue kuni. Sitaki hata senti.”

“Na mizigo yangu nitaibeba kwa kichwa? Basi niachie pikapu yako ile pale gatini.”

Bomba alisita. Pikapu ile ilikuwa mali pekee aliyoipata kwa jasho, na ndiyo aliyolala ndani yake. Kisha akaipima mashua kwa jicho: tanga jipya, mlingoti mnyoofu, thamani ya pikapu kumi. Mizigo ikapakiwa. Hati na funguo zikabadilishana mikono mbele ya mlinzi wa gati, Bomba akimrudia naye kuwa mashua inazama.

Mkunga alipowasha injini ya pikapu, Bomba alifunga koki, akafuta sinki, akacheka peke yake. Hapo akahisi soksi zimelowa. Akainua ubao wa sakafu. Maji yalikuwa yakibubujika kutoka kwenye ufa mrefu kuliko mkono wake.

Alitoa kichwa nje. “Mama! Inazama kweli!”

“Si ulisema?”

“Nilisema uongo!”

“Mbele ya mlinzi? Haya, mimi ni nani nibishane na fundi?” Mkunga alifunga mkanda. “Mafundi wenzako wote waliuona huo ufa, wakakimbia. Wewe peke yako ulitazama sinki.”

“Sasa ilielea vipi siku zote?”

“Kwa pampu. Iko hapa, kwenye mizigo yangu.”

“Mama yangu, nifanye nini?”

“Kuzaa si kazi, mwanangu,” alisema mkunga, akaingiza gia. “Kazi kulea.”

Bomba alivua soksi, akachukua sufuria, akaanza kulea.